Safari ikikupeleka mtaa wa kamari, chagua mapema pa kulala

 

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo ni nadra kulisikia likihubiriwa: chumba cha hoteli. Tena si hoteli yoyote, bali ile iliyo katikati ya mtaa wa kasino, mahali ambapo taa hazizimwi, muziki haunyamazi na mashine za kamari zinalia usiku na mchana. Ikiwa kazi, mkutano au harusi ya ndugu yako imekupeleka huko, utalala wapi?

Rai yangu ni hii. Mkristo anayelazimika kulala katika mtaa wa namna hiyo achague chumba chenye utulivu. Akichague mapema, kabla hajafunga sanduku lake. Na kama kina gharama ya ziada, ailipe akiihesabu kuwa sehemu ya nauli.

Wapo watakaosema haya ni mazungumzo ya wenye pasipoti, na kwamba msomaji wa Mbagala au wa Kawangware hayamhusu. Nakuomba uvumilie. Kabla hatujamaliza tutafika hadi chumbani kwako.

Tuchukue mji unaojulikana sana kwa mambo haya: Las Vegas, katika jimbo la Nevada, Marekani. Jimbo hilo lilihalalisha kamari mwaka 1931, na hoteli ya kwanza yenye kasino katika barabara iitwayo Strip, El Rancho Vegas, ilifunguliwa mwaka 1941. Leo barabara hiyo ina urefu wa karibu kilomita saba, na eneo zima la Las Vegas lina vyumba vya hoteli takribani 150,000. Mwaka 2023 walifika wageni zaidi ya milioni 40. Si wote waliokwenda kucheza kamari. Mamilioni kati yao walikwenda kwenye mikutano na maonyesho ya biashara, kama yale maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki yaitwayo CES, ambayo hufanyika huko mwezi Januari. Kwa hiyo fundi wa mitandao wa Dar es Salaam, daktari wa Nairobi au mfanyabiashara wa Kampala anaweza kujikuta yuko Las Vegas bila kuitafuta kamari wala kuipenda.

Tena kuna jambo la kushangaza. Sehemu kubwa ya Strip haimo ndani ya mipaka ya mji wa Las Vegas. Imo katika eneo liitwalo Paradise, yaani Paradiso, lililoanzishwa mwaka 1950 ili barabara hiyo isimezwe na mji pamoja na kodi zake. Mtu anaweza kuwa na anwani ya Paradiso na bado akakosa usingizi.

Hoteli kubwa za barabara hiyo zimejengwa kwa hesabu. Unashuka kwenye teksi na sanduku lako, unakwenda mapokezi, unapewa kadi ya mlango, unaelekezwa kwenye lifti. Katika hoteli nyingi njia ya kutoka mapokezi hadi kwenye lifti inapita katikati ya ukumbi wa kamari. Ukienda kula, unaupita. Ukirudi kulala, unaupita. Mara nyingi huoni saa ukutani wala dirisha la kukuambia kama nje ni usiku au mchana. Hakuna anayekushika mkono. Ni kama muuza karanga anayekaa mlangoni mwa kituo cha daladala: hakulazimishi kununua, anajua tu kwamba utapita tena.

Kwa miaka mingi hoteli hizo ziliuza vyumba na chakula kwa bei ya chini, kwa kuwa faida ilipatikana mezani. Chumba kilikuwa chambo. Siku hizi bei zimepanda na vyumba vyenyewe vinaingiza fedha nyingi, lakini mpangilio wa jengo haukubadilika. Mgeni akichoka apite hapo, akiamka apite hapo.

Sasa fikiri juu ya mgeni anayetoka Afrika Mashariki. Saa za Las Vegas ziko nyuma ya zetu kwa saa kumi au kumi na moja, kutegemea majira ya mwaka. Maana yake ni kwamba saa nane za usiku huko, kwetu ni mchana, saa sita au saa saba, wakati wa chakula. Mwili haujui kwamba umepanda ndege. Utalala saa mbili za usiku kama mtu aliyepigwa, halafu saa nane utaamka macho makavu, tumbo linadai ugali, na nyumbani ukipiga simu kila mtu yuko kazini. Utafanya nini saa hiyo? Kama kilicho chini ya lifti yako ni ukumbi wa kamari peke yake, tena ndiko kwenye mkahawa ulio wazi, basi utashuka. Utakwenda kutafuta chai, na utaipata katikati ya mashine. Usiku wa kwanza utakunywa chai na kurudi. Je, usiku wa nne?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Majaribu mengi hayamkuti mtu akiwa na nguvu zake. Yanamkuta akiwa na njaa, usingizi, upweke, na fedha za safari mfukoni. Shetani alimwendea Bwana wetu nyikani baada ya kufunga siku arobaini, wakati alipoona njaa. Huwezi kuzuia uchovu wa safari. Unaweza kuchagua uchovu huo ukukute mahali gani.

Katika jambo hili nimesikia misimamo miwili, na yote miwili siikubali.

Wa kwanza unasema Mkristo asiende kabisa. Mji ule ni wa dhambi, mwajiri akikutuma ukatae. Wanaosema hivyo humtaja Lutu na Sodoma. Lakini tuisome habari ya Lutu kwa utaratibu. Katika Mwanzo 13 aliinua macho, akaona bonde lenye maji mengi, akajitwalia, akahamisha hema zake hadi karibu na Sodoma. Katika sura ya 14 tunaambiwa alikuwa akikaa ndani ya Sodoma. Katika sura ya 19 ameketi langoni pa mji, mahali pa wazee na watu wanaojulikana. Hatukuti popote kwamba Lutu alikata shauri siku moja kuwa mtu wa Sodoma. Alichagua pa kulala kwa kutazama faida, na kila safari alisogeza hema kidogo. Somo la Lutu linahusu hema kuliko linavyohusu mji.

Msimamo wa pili unasema moyo ukiwa safi, mahali si kitu. Lala popote, hata juu ya meza ya kamari, Mungu anautazama moyo. Nao humtaja Paulo, aliyekwenda Korintho, mji wa biashara uliokuwa na bandari pande mbili, wenye kelele na sifa mbaya. Ni kweli alikwenda, tena alikaa mwaka mmoja na miezi sita. Lakini soma Matendo 18 uone alikaa kwa nani. Alikaa kwa Akila na Prisila, watu wa ufundi kama wake, washona mahema. Baadaye alikwenda nyumbani kwa Tito Yusto, mtu mcha Mungu, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani na sinagogi. Mtume mwenyewe, pamoja na imani yake yote, hakuona ni jambo dogo kujua atalala chini ya paa la nani. Wewe na mimi tuna nguvu gani kumshinda?

Kwa hiyo nenda, ikiwa wajibu unakuita. Ila panga pa kulala kama mtu anayejijua.

Na katika kupanga, tunaye mwalimu mzuri katika 2 Wafalme 4, yule mwanamke wa Shunemu. Alipoona nabii Elisha anapita pita mjini kwao, alimshauri mumewe wamjengee chumba kidogo juu, wakamwekea kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne. Ukifikiri sana, hicho ndicho chumba cha hoteli kilichokamilika: pa kulala, pa kufanyia kazi, pa kukaa, na mwanga wa kusomea. Tena kilikuwa juu, kando ya pilikapilika za nyumba. Mwanamke yule alijua mtu wa Mungu haombi anasa akiwa safarini, anahitaji mahali pa kufunga mlango.

Tukirudi Las Vegas, chumba cha namna hiyo kinapatikana, usipojiendea tu kwa kufuata picha nzuri. Jambo la kwanza ni kujua kwamba zipo hoteli zisizo na kasino hata pale pale Strip. Vdara, iliyofunguliwa mwaka 2009, haina kasino na haina moshi wa sigara. Minara mitatu ya Signature, jirani na MGM Grand, haina kasino. Four Seasons imo katika ghorofa za 35 hadi 39 za mnara wa Mandalay Bay, ina mlango wake na lifti zake, na mgeni wake hana haja ya kupita kwenye mashine. Sikutumwa kuzitangaza, na baadhi yake bei yake ni kubwa. Nazitaja ujue kwamba ukimya haukutoweka pale, umegeuzwa bidhaa inayouzwa kwa anayeuliza.

Kwa mwenye mfuko wa kawaida, zipo hoteli za wasafiri wa kazi jirani na ukumbi mkuu wa mikutano, nje kidogo ya Strip, ambazo hazina kamari kabisa. Usafiri hausumbui. Kuna treni ya juu ya reli moja inayounganisha hoteli kadhaa na ukumbi huo, na kuna mabasi yanayopita Strip usiku na mchana. Lakini eneo la katikati ya mji wa zamani, mtaa wa Fremont, ulitazame kwa makini. Tangu mwaka 1995 mtaa huo una paa kubwa la taa juu ya barabara, na chini yake kuna majukwaa ya muziki hadi usiku mwingi. Vyumba vya hapo vinaweza kuwa rahisi, lakini vikielekea mtaani, mdundo wa besi unaingia hadi kwenye mto wa kulalia.

Jambo la pili ni kuomba chumba, usisubiri kupewa. Unapoweka nafasi, andika ombi lako, kisha lirudie kwa upole mapokezi: ghorofa ya juu, upande usiotazama barabara kuu wala bwawa la kuogelea, kwa kuwa huko ndiko kwenye muziki, mbali na lifti, mbali na mashine ya barafu, ambayo hunguruma na kumwaga mawe yake usiku kucha, na kisiwe chumba chenye mlango wa kati unaokiunganisha na chumba cha jirani, kwa sababu mlango ule hupitisha maneno kama pazia. Uliza pia swali ambalo wengi hawaulizi: nikitoka kwenye lifti, napita wapi kufika nje? Jibu la swali hilo lina thamani kuliko picha kumi za kitanda. Ukipewa chumba kibaya, rudi uombe kingine kabla hujafungua sanduku. Kuomba si ugomvi.

Jambo la tatu ni fedha. Hoteli nyingi za huko zina tozo ya kila siku juu ya bei ya chumba, na mara nyingi tozo hiyo huzidi dola 40 kwa usiku. Tangu Mei 2025 sheria ya Marekani inataka bei yote ionyeshwe tangu mwanzo, basi linganisha jumla na jumla. Mwisho wa juma na siku za maonyesho makubwa bei hupanda na kelele huongezeka. Kama tarehe iko mikononi mwako, chagua katikati ya juma.

Jambo la nne ni kwa ajili ya ile saa nane ya usiku. Nunua maji, mkate na matunda mchana, uviweke chumbani. Beba vizibo vya masikio na Biblia ya karatasi. Panga tangu mapema ni nani utampigia ukiamka. Kwa mkeo au mumeo ni mchana, atapokea.

Hapa lazima niguse kidonda. Ndugu msomaji, unajua mambo ya posho ya safari. Wengi wetu tukipewa fedha ya kulala, hesabu ya kwanza kichwani ni itabaki kiasi gani. Tunatafuta chumba cha bei ya chini kabisa ili tofauti irudi nyumbani ikawe bati, ada au mbegu. Simlaumu mtu kwa kuwawazia watoto wake. Lakini chumba kilicho rahisi kwa sababu kimekalia kasino kinaweza kuwa chumba cha gharama kubwa kuliko vyote ulivyowahi kulala. Dola ishirini ulizookoa kwa usiku zinaweza kuondoka kwa dakika kumi mbele ya mashine, zikaivuta posho, posho ikavuta akiba. Halafu utarudi nyumbani na hadithi ya kuibiwa. Ukikaa kitako na kuhesabu, utulivu ni bei nafuu.

Hata hivyo, ningekudanganya kama ningeishia hapo. Unaweza kupata chumba kilicho kimya kabisa, ghorofa ya 35, mlango umefungwa, pazia zimevutwa, usisikie hata gari. Kisha ukanyoosha mkono kitandani ukachukua simu. Nevada inaruhusu kubeti michezo kwa simu. Mtaa wote ulioukimbia unaweza kupanda lifti na wewe ukiwa umelala ndani ya kiganja chako.

Ndipo ninapofika chumbani kwako, wewe usiye na pasipoti. Zamani mtu wa Tanzania au Kenya aliyetaka kamari alilazimika kuifuata. Kisha yakaja madubwi hadi kwenye vibanda vya mitaani, watoto wakaingiza sarafu walizotumwa kununulia chumvi. Sasa kuna mikeka kwenye simu. Saa nane za usiku yuko kijana amelala kitanda kimoja na mdogo wake, nyumba kimya, jirani kimya, na yeye anafuatilia mechi ya nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani, kwa sababu ameiwekea nauli ya kesho. Yuko baba ambaye ada ya mtoto imeondoka kidogo kidogo, elfu moja moja, na mama hajui. Nyumba hiyo ina ukimya wote ambao mgeni wa Las Vegas anaulipia kwa dola. Ila mlango wake haujafungwa.

Bwana wetu alipofundisha juu ya sala, katika Mathayo 6, alimtaka mtu aingie chumbani kwake na kufunga mlango, aseme na Baba aliye sirini. Kila mara tunalisoma neno hilo kama katazo la kujionyesha, na ndivyo lilivyo. Lakini ndani yake mna kazi ya mkono: kufunga mlango. Chumba hakijifungi. Kwa zama zetu, kufunga mlango ni pamoja na kufuta programu ya kubeti kwenye simu, kumwomba mwenzako ashike namba ya siri ya fedha kwa muda, kuiacha simu sebuleni unapokwenda kulala. Ikiwa umeshanaswa, kufunga mlango ni kumwambia mtu mmoja unayemwamini, mchungaji, padri, mzee wa kanisa au dada yako, leo hii, kabla ya mkeka wa kesho. Jambo hili lina watu wengi zaidi kuliko unavyodhani, na aibu ndiyo inayowafanya walipie zaidi.

Neno la mwisho ni juu ya matumizi ya utulivu wenyewe, maana mtu anaweza kuutafuta kwa ubinafsi. Marko 1 inatueleza kwamba Yesu aliamka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipo watu, akaomba. Usiku uliotangulia mji mzima wa Kapernaumu ulikuwa mlangoni. Wanafunzi walipomfuata hakuwaambia kwamba amechoshwa na watu. Alisema waende kwenye vijiji vingine. Ukimya wake uliishia kwa watu.

Basi nawe ukiamka katika chumba chako tulivu, kumbuka kuna mtu aliyekitayarisha. Katika Las Vegas wahudumu wa hoteli wengi wamo katika chama cha wafanyakazi kiitwacho Culinary Union, chenye wanachama takribani 60,000, na wengi wao ni wahamiaji. Yule mama anayetandika kitanda chako pengine amevuka bahari kama wewe, ila yeye hakuja kwa mkutano. Msalimie. Mwachie bakshishi mezani, kwa kuwa hiyo huenda ikawa fedha pekee uliyoiacha katika mtaa ule ambayo imefika moja kwa moja nyumbani kwa mtu. Mwombee. Na ukitembea kwa miguu barabarani usiku, usipite ukiwadharau walioketi kwenye mashine. Wamo waliokuja kufurahi, na wamo waliokuja kwa sababu nyumbani hapakaliki.

Pembeni mwa Strip, nyuma ya mahoteli, kuna Kanisa Kuu la Malaika Mlinzi, lililojengwa mwaka 1963 na kuchorwa na Paul R. Williams, msanifu majengo Mmarekani mweusi. Kanisa hilo linajulikana kwa jambo moja: katika kapu la sadaka hukutwa sarafu za plastiki za kasino, ambazo hupelekwa kubadilishwa kuwa fedha. Watu wengine hucheka wakisikia. Mimi naona mtu aliyeinuka mezani akiwa bado na kitu mkononi, akatafuta mlango wa mahali penye utulivu, akaingia. Kama una safari, tafuta mlango huo kwenye ramani kabla ya kutafuta mkahawa.

Ndugu yangu, ukitumwa kesho kwenda mji wa taa nyingi, nenda kwa amani. Uliza lifti inashukia wapi, omba ghorofa ya juu, beba mkate wako. Na ikiwa huendi popote, usiku wa leo chumba chako ni hicho hicho, na simu iko karibu na mto. Amka, ipeleke sebuleni, urudi ufunge mlango. Baba yuko ndani anakusubiri.